Dada Tunsume Arudi Kundini Kabla ya Kuonyeshwa Tena

Ipogolo, Iringa

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Amani ya Bwana iwe nawe na watumishi wote wa kituo chako cha televisheni. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ipogolo, Mlutheri. Nakuandikia kwa unyenyekevu kuhusu tamthilia yenu ya Jumatano inayomhusu Dada Tunsume, yule binti wa Mbalizi anayewadanganya watu mtandaoni kwamba alipona uvimbe kwa kunywa juisi ya majani mabichi ya maboga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumbani kwangu ugali umekoma. Mke wangu, Bertha, hunipa bilauri ya kitu cha kijani asubuhi, na jioni nyingine. Nilimkumbusha kwa upole kwamba ninyi wenyewe mmeonyesha waziwazi kuwa yule binti hakuwahi kuugua hata mafua. Akanijibu, "Baba Silvester, mwongo ni yeye. Juisi imekosa nini?" Nimesoma chuo cha Biblia, lakini kwa swali hilo bado natafuta andiko. Nilikwenda kwa Pravin, mwenye duka, nikamsihi asimuuzie blenda. Akasema, "Umechelewa, mzee wangu. Mama alichukua juzi, na ya mwisho amechukua mama mchungaji."

2. Dada Tunsume alitamka mbele ya watazamaji wote kuwa yeye ni Mlutheri, tena mwenye kipaimara. Tamko hilo lililitia shughuli baraza letu la wazee, kwa kuwa Mlutheri anayedanganya wagonjwa hutengwa: hukaa benchi la nyuma, wala hashiriki Meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya usharika ndipo arudi kundini. Tukamtenga. Niliwaandikia Mbalizi, kwa mzee mwenzangu Yotamu, nikiomba cheti chake cha ubatizo. Yotamu akanipigia simu akipaza sauti: "Saulo, ndugu yangu, huyo ni mtu wa kwenye tivii! Anaigiza tu!" Hilo tulikuwa tunalijua. Alijifanya mgonjwa na hakuwa mgonjwa. Ndicho hasa tulichomtengea. Nashuku Mbalizi wanamficha kondoo wao.

3. Shauri likiwa bado mezani, nilimwona katika kituo kingine, siku ya Ijumaa, akiwa muuguzi mwenye mume mwingine. Kwenu ameolewa na Marcelino wa gari jeupe. Sasa baraza lina mashauri mawili, na la ndoa ni zito kuliko la juisi. Tena, kama ana elimu ya uuguzi, majani ya maboga ya nini?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, msimwonyeshe tena mpaka afike Ipogolo siku ya Jumapili, atubu mbele ya usharika, na amwambie Bertha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mtu mzima anahitaji ugali. Aje na mume; yupi, achague mwenyewe. Ikishindikana, basi katika tamthilia mwonyesheni walau amekaa benchi la nyuma.

Nimekonda, ndugu yangu. Suti yangu ya kukusanyia sadaka inaning'inia kama bado iko msumarini.

Wasalimu watangazaji, mafundi mitambo, na yule kijana wa utabiri wa hali ya hewa, ambaye Bertha humwombea kila anapotaja mvua.

Mtumishi mwenzako,
Mzee Saulo Kiyeyeu

N.B. Bertha ameisoma barua hii, akakasirika. Tangu jana amerudisha ugali, na juisi amenikataza kabisa. Sasa goti langu la kulia, ambalo kwa juisi ile lilikuwa limeanza kukunjika hata nikapiga magoti wakati wa kuungama kama kijana wa kipaimara, leo asubuhi limegoma tena. Dada Tunsume akija kutubu, aje na chupa za kutosha baraza zima. Yangu aipitishe mlango wa sakristia. Benchi la nyuma tumeshalifuta vumbi. Tena tunaweza kumsogeza la katikati.