Mbwa wa Kukoholea Dhahabu

Siku Bibi Lusia alipomwita Kaimu uani kwake Nachingwea, hakumwita kumpa utajiri. Alimwita kumpa mbwa. Lakini Kaimu ni mtu ambaye ukimpa sindano atakuuliza cherehani iko wapi, kwa hiyo tusimlaumu bibi kwa yaliyofuata.

"Huyu ndiye Jemedari," alisema bibi.

Kaimu alitazama chini, akatazama tena. Aliambiwa mbwa. Alichokiona ni manyoya na macho mawili makubwa, na umbo zima lingeingia kwenye buti la mvua na nafasi ikabaki. Mzungu mmoja wa utafiti wa madini alirudi kwao akamwachia bibi, nesi mstaafu wa misheni, na bibi akampenda kupita kiasi. Jemedari alikuwa na mto wake. Jemedari alikunywa uji kabla ya mwenye nyumba.

"Sasa sikiliza." Bibi aliigusa kidogo tu kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa shingo.

"Khwe! Khwe! Khwe!"

Kaimu aliruka. Ilikuwa sauti ya bata bukini aliyekanyagwa, ikitoka kwenye kitu cha ukubwa wa andazi.

"Umeona? Mbwa hawa wadogo njia yao ya hewa ni laini kama mrija wa soda," alieleza bibi kwa uchungu. "Ukimvuta shingoni inabonyea, pumzi inamkatika. Bwana mifugo amesema shingo isifungwe tena. Avalishwe mikanda ya kuzunguka kifua na mabega, kamba ishikwe mgongoni. Kuna fundi viatu Ruangwa anaiweza kazi hiyo. Mpeleke akampime, wewe una pikipiki. Hela ya fundi hii, ya mafuta hii. Na nakuomba, mjukuu wangu, kamba usiivute. Huyu ndiye mwenzangu humu ndani."

Kaimu alikuwa akiikodolea macho ile kamba. Kaimu akikitazama kitu hivyo, ni jambo la kuogopwa.

"Bibi, kila akivutwa anakohoa?"

"Kila akivutwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na kuna jingine, akiona—"

Pikipiki ilikuwa imeshapigwa kiki. Wajanja wana ugonjwa mmoja, ndugu msomaji: hawasikilizi sentensi mpaka mwisho.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, imeandikwa nyuma AKILI NI MALI, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Kaimu mbali na ulimi wake. Aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyofuta viatu. Bila pikipiki, Kaimu ni maneno matupu yanayotembea kwa miguu, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Ruangwa hakumtafuta fundi. Hela ya fundi aliinunulia fulana ya kung'aa kama wavaavyo watu wa migodini, na miwani nyeusi. Siku hizi katika wilaya ile mtu akijikwaa kwenye jiwe, huliokota kwanza akaligeuza juani, ndipo akalilia kidole. Watu wa namna hiyo wanahitaji mtaalamu. Kaimu alimweka mtaalamu ndani ya begi, kichwa nje, akashika njia ya Mbekenyera.

Pale sokoni alingoja watu wajae. Kisha akamweka Jemedari chini.

"Mabibi na mabwana! Mbwa huyu amesomeshwa na wazungu wa utafiti. Hali nyama, habweki, hana muda wa mambo ya kishenzi. Kazi yake moja: akinusa dhahabu, anakohoa. Nani ana hereni ya kweli aniazime?"

Hereni ikapatikana. Bakuli tatu zikafunikwa, hereni ikawekwa chini ya moja mbele ya macho ya wote, pamoja na ya Kaimu. Jemedari akapitishwa. Bakuli ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kidole kimoja cha Kaimu kikajikunja kwenye kamba.

"Khwe! Khwe! Khwe!"

"Loo! Mbwa ana elimu huyu!" alipiga kelele muuza nyanya, na soko zima likasogea.

Aliyesogea taratibu kuliko wote alikuwa Mwanaima, mjane mwenye mikorosho mingi na maneno machache. Kaimu alishaulizia habari zake: mama anapenda mali, ana shamba jipya tupu. Kwa Kaimu hiyo ilikuwa harufu ya pilau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo kiumbe anaumwa?"

"Haumwi, mama. Hiyo ni elimu inamtoka."

"Mh." Mwanaima alimtazama Jemedari, aliyekuwa bado akivuta pumzi kwa shida. "Unaweza kunipimia shamba langu?"

"Naweza, mama. Ada ni kabla ya kazi."

"Ada utaipata kesho nikishaona kwa macho yangu. Ila kwangu mnyama hafungwi shingo. Nilifunga beberu hivyo, akajizungusha mtini, nikamkuta amekufa. Niachie huo mkanda wa shingo nichukue kipimo, nitamshonea wa kifuani kwa mikanda ya begi la shule la zamani. Na mbwa alale kwenye ghala langu, maana gesti hawatakupokea naye."

Bila mkanda ule wa shingo hapakuwa na kikohozi. Lakini ada ni ada, na kuukatalia mkanda ni kujifichua. Alimfungua Jemedari. Mwanaima, aliyekuwa na udhu wake, aliupokea ule mkanda kwa ncha ya kijiti, akaenda nao nyumbani kama mtu aliyebeba nyoka mdogo.

Asubuhi ilikuwa tayari. Mikanda miwili ya bluu, mmoja mbele ya miguu ya mbele na mmoja nyuma yake, imeunganishwa mgongoni kwa pete ya chuma, imeshonwa safi. Mwanaima alielekeza kwa mkono, Kaimu akamvalisha. Jemedari alijikung'uta, akatembea kwa madaha ya askari siku ya gwaride.

Wakaingia shambani, Mwanaima mbele, midomo ikicheza kama anayesali, Kaimu na mbwa nyuma. Kaimu alichagua mahali pazuri, akavuta kamba.

Kimya.

Akavuta tena. Jemedari aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kiungwana, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua. Kaimu akavuta mpaka miguu ya mbele ya mbwa ikanyanyuka. Hakuna kitu. Pumzi inaingia, pumzi inatoka. Jasho lilimshuka Kaimu ndani ya ile fulana, akaanza kupima kwa jicho umbali wa kufika kwenye pikipiki.

Ndipo, Mwanaima aliposimama mbele yake kurekebisha khanga, mbwa akanyoosha shingo.

"Khwe! Khwe! Khwe!"

Kaimu alitazama kamba. Ilikuwa imelegea, imelala chini. Mkono wake haukufanya kitu.

"Amekohoa!" alisema Mwanaima.

"Ee... amekohoa," alisema Kaimu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa amesema kweli bila kukusudia.

Wakaendelea. Kimya. Kaimu alivuta kwa siri, kimya. Mwanaima aliposimama tena kurekebisha khanga, "Khwe! Khwe!" Mbele zaidi, mara ya tatu, vilevile. Nywele zilimsimama Kaimu. Akili yake, ile iliyoandikwa kwenye pikipiki, ilianza kukimbia. Mimi ndiye nilikuwa namkohoza. Sasa simkohozi, na anakohoa. Sasa nani anamkohoza? Mbwa wa mzungu wa utafiti! Mzungu gani anasafiri na mbwa wa bure kutoka Ulaya mpaka huku? Ewe Kaimu, umeshika jembe la dhahabu ukadhani ni mpini!

Hapo, msomaji, ungemhurumia. Mtu aliyeudanganya umma jana, leo alikuwa amesimama kwenye foleni ya waliodanganywa, tena wa kwanza.

"Mwanangu, ni dhahabu?" aliuliza Mwanaima.

Kaimu alivua miwani ili macho yake yaonekane yana huruma. "Mama, nisikufiche. Hicho ni kikohozi cha vumbi. Hapa hamna kitu."

"Ole wangu mie. Basi nitapanda mikorosho tu. Ila mvua ziko karibu, na mashimo arobaini kwenye udongo huu mgumu nani atanichimbia?"

"Mimi!" Alisema haraka mno, akajikohoza. "Yaani, nimekupotezea siku, mama. Nitakuchimbia bure, iwe fidia. Mawe tu yatakayotoka uniachie, nina ndugu anajenga msingi."

"Bure?" alirudia Mwanaima. "Mawe chukua yote. Lakini nyie watu wa madini mna tabia ya kuacha mashimo nusu, mbuzi wetu wakavunjika miguu. Niachie ufunguo wa pikipiki. Shimo la arobaini likiisha, ufunguo ni wako."

Kaimu aliubana ufunguo mfukoni. Aliitazama pikipiki yake nyekundu pale kivulini, moyo ukamuuma kweli. Kisha akazitazama zile sehemu tatu za kikohozi, akauona mkondo wa dhahabu ukipita chini umenyooka kama reli. Akatoa ufunguo. Mwanaima akaufunga kwenye pindo la khanga.

Siku tano Kaimu alichimba. Futi mbili kwenda chini, futi mbili kila upande, Mwanaima akionyesha mahali pa kila shimo na kuhakiki kwa kijiti. Udongo wa kule mwezi wa kumi na moja kabla ya mvua haulimwi, unabembelezwa kwa sururu. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakatoa malengelenge mengine. Kila jiwe lililometa alilibusu, akalitia kwenye gunia. Jemedari alikaa kivulini na mkanda wake wa bluu, akinenepa, hakohoi hata anapokunywa maji.

Bibi Lusia alipiga simu kila jioni.

"Mjukuu wangu, fundi bado?"

"Bado anapima, bibi. Kifua cha huyu mbwa kina kona nyingi."

"Sawa. Mwambie asiharakishe."

Siku ya sita, Kaimu akiwa ndani ya shimo la arobaini, alisikia bodaboda ikisimama. Akainua kichwa. Kwanza aliona viatu vyeupe vya kinesi, halafu mwavuli, halafu Bibi Lusia mzima, akikumbatiana na Mwanaima kama watu waliokwisha kuongea sana.

"Pole na kazi, Kaimu," alisema bibi. "Fundi yuko wapi nimshukuru?"

Kaimu alifungua mdomo. Ulimi wake, uliowahi kumuuzia kinyozi mashine yake mwenyewe, uliambulia kulamba vumbi la midomo.

Mwanaima alining'iniza kwenye kijiti ule mkanda wa shingo. Upande wa ndani, kwa uzi mwekundu, bibi alikuwa ameshona namba yake ya simu. "Usiku uleule nilimpigia," alisema. "Akanieleza ugonjwa wote. Hukohoa akivutwa shingoni, na jingine..."

Alifungua pindo la pili la khanga, akatoa dagaa mkavu mmoja. Macho ya Jemedari yakatoka, mkia ukazunguka.

"Khwe! Khwe! Khwe!"

"...na akifurahi sana," alimalizia bibi. "Nilikuwa nakwambia siku ile, ukatia moto."

Kaimu aligeuka akayatazama mashimo. Yalikuwa yamekaa katika mistari minne iliyonyooka, kila shimo mita kumi na mbili kutoka kwa jirani yake, na ndipo akaelewa kwamba midomo ya Mwanaima siku ile ilikuwa ikihesabu hatua. Alikuwa ameyachimba yote kwa mikono yake na hakuwahi kujiuliza kwa nini dhahabu ilijipanga kwa kipimo cha bwana shamba. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ungeniambia tu."

"Nilikuwa nakusubiri wewe uniambie," alijibu Mwanaima. "Asubuhi ile ungesema 'mama, nimedanganya,' ungekunywa chai ukaenda zako. Hela ya vibarua nilikuwa nimeshaitenga. Wewe ukasema bure."

Bibi Lusia hakucheka. Alimnyanyua Jemedari, akaweka sikio kwenye kile kifua kidogo kama alivyofanya wodini miaka thelathini. Alisikiliza muda mrefu. Kaimu aligundua kwamba naye amezuia pumzi.

"Kifua kimetulia," alisema bibi mwishowe, machozi yakimlenga. "Ungemuua, Kaimu, kwa hereni ya mtu sokoni. Na mimi nilikosea kukutuma wewe. Sasa vua hiyo fulana. Imenunuliwa kwa hela ya mbwa, itakuwa ya mbwa."

Kaimu akavua. Miche ililetwa, akaipanda yote arobaini bila kuambiwa, akifukia kila mmoja kwa mikono. Mwanaima akampa ufunguo. Alipopanda pikipiki, akaona gunia la mawe limefungwa nyuma, limefunika AKILI NI MALI.

"Mama, haya basi yaache."

"Ah, mwanangu, makubaliano ni makubaliano. Salimia ndugu yako anayejenga msingi."

Kaimu sasa anabeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa, na watu husema amekuwa mwaminifu, angalau kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano. Jemedari hutembea na mkanda wa kifuani wa kung'aa, ulioshonwa kwa fulana ya mtaalamu. Lakini Kaimu akipita Mbekenyera, haikosi mtu atakayeweka mkono mdomoni akafanya, "Khwe! Khwe!"

Na Kaimu, anayejua kila kitu, aliyechimba mashimo arobaini, hupunguza mwendo na kutazama chini.