Masale Yanayotembea

Alhamisi, 10 Julai 2025
Ukungu! Mungu mkubwa. Asubuhi nimeng'oa tena masale, ile mimea ya mpakani, nikayapanda hatua moja ndani ya shamba la Klara, yule mjane. Hatua ya nne wiki hii. Bado mbili, mfereji uwe wangu. Klara hana maji kwingine. Hapo ndipo anapolima viazi vya kula yeye na wajukuu. Pole yake. Wazee husema sale haliguswi, linakumbuka. Jani likumbuke nini?

Ijumaa, 11 Julai
Balaa. Jirani Aron ameniona nikihamisha masale. Beatha wa ng'ambo ya mfereji naye. Janeth, binti wa kaka, yuko likizo. Chuoni anasomea namna kompyuta nyingi zinavyojua jambo kwa pamoja. Nikamchokonoa: kijiji kizima kikijua siri, je? Akasema kila mtu kujua peke yake si kitu. Ananyamaza, maana hajui kama mwenzake anajua. Hatari ni tangazo la hadharani. Hapo kila mmoja anajua kwamba wote wanajua, na watainuka pamoja. Binti ana akili! Dawa ni moja: lisitangazwe.

Jumapili, 13 Julai
Klara alimpa Mzee Eliya, msoma matangazo wa usharika, karatasi ya kunishtaki kuhusu mpaka. Nikawahi ofisini kabla ya ibada. Shikamoo mbili tatu, karatasi ya Klara mfukoni mwangu, nyeupe isiyo na neno mahali pake. Safi!

Eliya akasoma harusi, akasoma kwaya. Akafika kwenye nyeupe. Klara akasimama, kama afanyavyo mwenye tangazo. Eliya akaigeuza karatasi, akanyamaza. Kanisa zima kimya. Hata mtoto hakulia. Wakamtazama Klara, wakanitazama mimi, kisha wakatazamana. Eliya akasema matangazo yameisha. Ushindi!

Njiani Janeth akaniambia polepole, "Baba mdogo, kimya kile ndicho tangazo."

Wasomi, bwana.

Jumatatu, 14 Julai
Nimefungua mlango nikagonga majani. Masale! Yameizunguka nyumba yangu, hatua moja kutoka ukutani. Kabichi, choo, mfereji niliouwania, vyote viko nje ya mpaka. Nyayo za watu wengi, nami sikusikia hata jembe moja. Nimemuuliza kila aliyepita. Wote wamenisalimia kwa adabu, wote wamesema hawajui, wote kucha zina udongo. Nimemuuliza mke wangu. Akaficha mikono kwenye kanga. "Sisi hatujui, baba Vumilia."

Sisi? Sisi nani?

Jumanne, 15 Julai
Nimekaa nikafikiri. Hakuna aliyesema neno, basi hakuna anayejua. Mantiki hiyo! Kosa langu ni haraka, hatua nzima kwa siku. Klara anapalilia viazi hadi mferejini, anaimba. Aimbe tu. Ukungu ulipokuwa mzito asubuhi, nimeng'oa sale la mlangoni nikalisogeza nusu hatua. Mtu akakohoa upande wa kulia, karibu sana. Mwingine akakohoa kushoto. Halafu mmoja baada ya mwingine, kuizunguka nyumba yote.

Mafua. Julai huwa ni baridi. Kesho nusu nyingine.