Papa Ramazani alikataa ushujaa, mimi nikamlazimisha

Nimeaibika leo hapa Kabambare, mchana kweupe, na kipaza sauti mkononi. Ninaandika kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi. Na niseme mapema kwamba hasira yangu bado haijaisha.

Wengi mnajua nina lile daftari. Kwa wasiojua: mimi ni mwalimu wa historia, na mwaka mzima nimekuwa nikiandika majina ya askari wa kwetu, Kasongo na Kabambare, waliopewa medali ya ushujaa. Daftari linakaa shuleni, kila mtu anaruhusiwa kulifungua na kusoma. Nililianzisha kwa sababu nilichoshwa na uongo. Kwenye kila msiba marehemu anageuka shujaa wa vita. Kuna bwana aliniletea medali ya babu yake imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikaigeuza, nyuma kumechorwa mpira wa miguu. Nikamrudishia. Mpaka leo hanisalimii.

Kwa hiyo niliweka sheria: bila cheti chenye muhuri, jina haliingii. Nimegombana na wajomba zangu kwa sheria hiyo. (Mjomba mmoja alisema nina roho ya forodha.)

Leo ilikuwa siku ya kusoma daftari mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Viti vimepangwa uwanjani, wakubwa wa teritware, yaani wilaya yetu, wamealikwa. Mgeni wa heshima alikuwa Sajini mstaafu Ramazani kutoka Wamaza. Cheti chake nilikipata kwa mpwa wake, safi kabisa, muhuri unasomeka: aliwavusha mto Lwama majeruhi watatu, mmoja mmoja mgongoni, huku risasi zinapigwa. Mzee mwenyewe nilikuwa sijawahi kukutana naye.

Akafika asubuhi na mapema kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Hata maji hajanywa, akanishika mkono.

"Mwalimu, ile jina yangu iko mu daftari, uifute."

"Kwa nini, Papa?"

"Ile mutu haiko mimi."

Jamani, niliguswa. Nikawaza, hawa ndio mashujaa wa kweli, hawajisifu. Nikampigapiga begani, nikamwambia, "Papa, achana na aibu, leo ni siku yako." Nikampa kiti na chai.

Kabla chai haijapoa akanifuata nilipokuwa nafunga turubai. "Mwalimu, naomba dakika tano niseme na watu." Nikamwambia programu imejaa. Akasema basi dakika mbili. Hapo nikaanza kuudhika. Watu wanalia waingie kwenye daftari langu, wananiletea kuku niwaandike, na huyu mwenye cheti na muhuri anataka kutoka? Nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya heshima sana: "Papa, karatasi imesema. Mimi nafuata karatasi."

Akarudi kukaa. (Nilidhani nimemshawishi.)

Saa nne tukaanza. Nilisoma majina mengine haraka haraka. Nilipofika kwake nikapunguza mwendo, maana nilikuwa nimejiandaa. Nikaeleza mto ulivyojaa. Nikaeleza mvua. (Mvua haiko kwenye cheti, niliitia mimi.) Akambeba wa kwanza, akamvusha. Akarudi. Akambeba wa pili, akamvusha. Akina mama wameshika mashavu. Nikashusha sauti: "Na akarudi tena, kwa ajili ya wa tatu."

Papa Ramazani akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, wa tatu njo mimi."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikauliza, na kipaza sauti kiko mdomoni:

"Sasa ulijibebaje?"

Sitaeleza kicheko kile. Bwana mkubwa mmoja alilazimika kuvua miwani ajifute macho. Nami nikasimama pale na daftari langu, nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikanyanyua cheti juu, nikasema muhuri huu hapa. Mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese akanijibu kutoka nyuma: "Mwalimu, mutu mwenyewe iko pale anasema. Wewe unagombana naye juu ya karatasi?"

Papa Ramazani akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti, watu walinyamaza wenyewe.

Akasema aliyewabeba ni Kaporo, yaani koplo, Kalume, wa Lusangi. Yeye Ramazani alipigwa paja, alikuwa analia kama mtoto, na Kalume alimwambia afunge mdomo asije akameza maji. Baadaye karani alikuja hospitali kuuliza habari. Ramazani alikuwa kitandani, ndiye aliyemsimulia yote. "Karani akaandika jina ya mwenye kusema. Hakuniuliza tena." Wakati cheti kinatoka, Kalume alikuwa ameshakufa vitani kwingine.

"Nilipelekea muke yake medali pale Lusangi," akasema. "Akaangalia cheti, akanirudishia. Akasema, shemeji, hii iko jina yako, watoto watasoma nini? Nenda waandike vizuri kwanza. Njo maana nimekuja."

Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikamgeukia kwa uchungu: "Lakini Papa, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia asubuhi. Nikakuambia tena pale kwa turubai. Masaa matatu juu ya pikipiki, Mwalimu, nilikuja juu ya ile tu."

Mimi niliyemfukuza mwenye medali ya mpira, nilikuwa naulinda uongo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ulikuwa na muhuri.

Tukaleta meza katikati. Nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika Kaporo Kalume, wa Lusangi, na pembeni nikaeleza ni nani aliyesahihisha. Papa Ramazani alisimama nyuma ya bega langu muda wote. Akanitaka nisome kwa sauti. Nikasoma. Akanitaka nirudie, bila mvua. Kisha akakaa, akaomba chakula, akala kama mtu aliyetua mzigo.

Kesho tunakwenda Lusangi na daftari, mimi na yeye, tumwonyeshe mjane. Nilimwambia apumzike, nitakwenda peke yangu. Akakataa. Amesema anataka kuwepo, nisije nikamwandika huyo mama kuwa ndiye shujaa.

Nilikuwa nataka kuwaomba wenye video wasiitume popote. Nimechelewa. Kundi la wazazi wa shule tangu saa nane linaitwa "Ulijibebaje". Basi chekeni mumalize leo, Jumatatu nina somo la kwanza.