Ushuhuda Ulioishia Chooni

Jamani, leo nimejianika mwenyewe, tena kanisani, hapa Malaba mpakani.

Mnajua nililazwa. Chembe za kugandisha damu zilishuka mpaka daktari akaacha kutabasamu. Juzi nikaruhusiwa, na onyo juu: "Ukiona damu, puani, kwenye fizi au chooni, rudi hapa mbio."

Tangu hapo nyumba imejaa madaktari wasiosomea. Huyu na majani ya mpapai, yule na soda iliyokorogwa na maziwa (hiyo binadamu anaimezaje?). Mkuu wao Mama Athieno, jirani yetu mzaliwa wa Merikit, ng'ambo Uganda, ambaye kwake kila kitenzi huanza na "na", na mfuko wake wa bitiruti, mizizi myekundu ya kukamua juisi.

"Kunywa hii, mtoto wangu. Naongeza damu."

Nikamcheka mbele ya wageni. Mimi, wakala wa forodha, mtu wa kompyuta, ninywe mizizi?

Leo nikaitwa kutoa ushuhuda. Nikapanda jukwaani na suti. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, kisha nikawageukia watu wa mizizi. "Sikugusa hata tone!" Kanisa likaangua kicheko. Mama Athieno akainamisha kichwa. Nikaona raha (ndiyo, mimi ni mtu wa hivyo).

Nikatoka kwenda haja ndogo. Choo cha kanisa ni kipya, sinki jeupe pe. Nikachungulia. Nyekundu!

Nilipiga ukelele hadi madereva kwenye foleni ya malori wakazima redio. Nikatoka mbio, suruali nimeishikilia mkononi. "Navuja damu! Nakufa!"

Ibada ikavunjika. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani. Mke wangu akaangua kilio. Vijana wa kwaya wakakunja mikono ya mashati, tayari kunitolea damu. Gari likawashwa. Ndipo Mama Athieno akatokea upande wa choo, ameshachungulia.

"Mtoto wangu, wewe nakunywa bitiruti?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Ile rangi mimi najua. Hata yangu nakuwa hivyo."

Mke wangu akakata kilio palepale. "Kwani lile jagi la juisi yake la asubuhi lilimalizwa na nani?"

Hata mchungaji akaondoa mikono.

Nilimaliza mimi. Jikoni, mlango nimefunga, nakunywa kama ng'ombe. Kesho napimwa tena, na naogopa kufa, ndugu zangu. Naogopa sana. Ila hakuna aliyeniambia kwamba rangi inapita moja kwa moja!

"Ni mimi," nikasema.

Kwaya wakashusha mikono ya mashati. Dereva akazima gari na kufyonya. Mama Athieno akanifunga mkanda wa suruali mbele ya waumini wote, taratibu, kama mtoto wa chekechea.

"Jioni naleta ingine. Sasa kunywa sebuleni."

Tafadhali msinicheke. Kesho napimwa, na aibu haiongezi damu.