Kodi Niachie Mimi

Siku notisi za kodi ya majengo zilipogawiwa Ngokolo, mjini Shinyanga, mtaa mzima ulikunja uso isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Stanslaus, aliyekaa kibarazani kwa kinyozi akisikiliza malalamiko ya watu kwa raha kama anasikiliza taarabu.

Alikuwa na sababu. Miaka hiyo ya tisini dhahabu ya Geita ilikuwa imewatia watu wazimu, na kila aliyepata alitaka kujenga nyumba ya wageni. Mmoja wao alikuwa amempa Stanslaus pesa za kutafuta milango ya mninga. Nusu ya pesa zile Stanslaus alikwishazila, milango hakuwa nayo, na wachimbaji si watu wa kuandikiana barua za kukumbushana. Sasa aliinua macho akaitazama milango ya Ngokolo, mninga mtupu, iliyowekwa enzi pamba ilipokuwa inalipa. Kweli Mungu hamtupi mja wake, hata mja wa aina hii.

Kesho yake alivaa suti, akaazima mkoba, akaingia kwa Mansukhlal muuza vitambaa.

"Bwana Mansukhlal, nyumba yako wameikadiria kama ikulu."

"Kama ikulu, na choo kinavuja!"

"Kata rufaa. Sheria inakuruhusu. Unaandika malalamiko kabla muda wa kwenye notisi haujapita, unaonyesha walipokosea, wanakuja kukagua upya. Bure kabisa."

Hayo yote yalikuwa kweli. Stanslaus aliamini kwamba uongo hauliwi mkavu, unahitaji mchuzi wa ukweli.

"Lakini wakaguzi wakija wakakuta mlango kama huu?" Aliugonga kwa huzuni. "Watapandisha! Ung'oe, tundika gunia. Mlango nitakutunzia mpaka wapite, kwa ada kidogo ya usumbufu."

Kuishinda ofisi kwa gunia ni wazo linalomfurahisha mwenye nyumba yeyote, awe wa dini yoyote. Mansukhlal aliita fundi kabla chai haijapoa.

Mlango mzuri kuliko yote ulikuwa kwa Febronia, Mama Deogratias, mjane kutoka Ushirombo na mwanakwaya. Marehemu mumewe aliuchonga kwa mikono yake, na yeye aliufuta vumbi kila asubuhi akimwombea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Stanslaus aliimwaga hotuba yake. Mama Deo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Unasema niwaonyeshe walipokosea. Hata wakiwa wamehesabu vibaya vyumba?"

"Hapo hapo mama! Ukiwaonyesha kosa, umeshinda."

Huku akisema, mkono wake ulikuwa unavuta futi kamba kwenye mlango. Mama Deo aliona. Watu wa kodi walipokuja walipima vyumba. Huyu alikuwa anapima mlango, tena na unene wake.

"Wangu nitautoa mwisho," alijibu. "Ila nina chumba kitupu uani. Milango ya wenzangu unaweza kuiweka humo."

Stanslaus nusura ambusu. Nani angeshuku mzigo uliolala kwa mama wa kwaya?

"Na kodi je, baba?" Mama Deo aliuliza. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Masele, alikuwa palepale akinywa uji.

"Mama, kodi niachie mimi! Usiumize kichwa."

"Balozi, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Masele, akafuta mdomo.

Wiki ile Ngokolo ilitundika magunia na khanga kuukuu. Mbuzi walijifunza kuingia sebuleni bila hodi. Mansukhlal alilala na rungu kando ya mto, akajipongeza kwa werevu.

Lori lilikuja mchana kweupe. Stanslaus alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa mdomo wa dereva, ambaye alisimama mbele ya duka la vitambaa akauliza kwa sauti, "Mzee, mzigo wa milango ya kwenda Geita uko wapi?"

Mansukhlal aliacha mkasi juu ya kitambaa. Lori lilipofika kwa Mama Deo lilikuwa na msafara kama wa harusi nyuma yake, ila hakuna aliyekuwa anaimba. Stanslaus alikuwa amesimama mbele ya chumba cha uani, na mlangoni lilining'inia kufuli kubwa la Mama Deo.

"Mwi..." mtu mmoja alianza. Neno hilo mtaani likisemwa lote huwa halirudi mdomoni, na mawe husogea yenyewe. Stanslaus alirudi nyuma hadi mgongo ukagota kufuli.

"Subirini!" Masele alinyanyua mkono. "Kwanza tumalize ya kodi. Kijana, ulisema kodi uachiwe wewe. Sikio langu lilisikia."

"Nilimaanisha kodi ya majengo, mzee!"

"Sawa. Ilipe, kisha tufungue."

Stanslaus aliikumbuka notisi ya Mama Deo. Alikuwa ameisoma kwa macho yake siku ile ya hotuba, na ilikuwa ya kutisha. Akili yake ikapiga hesabu haraka. Chumba cha uani kwa wiki moja? Bei ya soda!

"Nimekumbuka vizuri," alisema. "Nilimaanisha kodi ya chumba."

"Ubarikiwe," alisema Mama Deo. "Chumba hapa kinalipwa mwaka mzima kwa mkupuo."

"Ndiyo desturi," alisema Masele. Umati uliitikia kama kanisani.

Zilitoka ada zote za usumbufu. Ikatoka na ile nusu iliyobaki ya pesa za Geita iliyokuwa imeshonewa ndani ya suti. Ndipo kufuli lilipofunguliwa, na kila mtu akabeba mlango wake, Mansukhlal akiukumbatia wake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Dereva alitema mate, akawasha lori tupu, akarudi Geita na habari zote.

"Na ile ya majengo, mama," Stanslaus aliuliza kwa sauti iliyonyauka, "utaiweza?"

"Ile? Nilikwenda kukata rufaa kama ulivyonifundisha. Walikuwa wamehesabu banda la mbuzi kuwa chumba cha kulala. Nikawaleta, nikawaonyesha mbuzi, wakacheka wakafuta. Imebaki bei ya debe la mahindi."

Stanslaus alikaa chini. Geita hakwendeki, na hapa mtaa mzima ulikuwa umeijua sura yake. Mama Deo aliinama, akamwekea ufunguo kiganjani kwa upole.

"Chumba ni chako mwaka mzima, baba. Na ukiona kodi imezidi, kata rufaa. Nasikia ni bure."