Utepe wa Dhahabu Mstari wa Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu ataimba mbele ya dunia! Kwaya kutoka nchi ambazo hata redio yangu haijawahi kuzitaja zinakuja kushindana hapa mjini kwetu, na kwaya ya mji imo, na kitinda mimba wangu yumo ndani ya kwaya! Naandika kabla hata ya kunawa mikono. Daftari linanuka kitunguu. Potelea mbali.

Kasoro moja. Mwalimu wa kwaya amempanga mstari wa nyuma, kisogoni kwa bwana mmoja mrefu kama nguzo ya umeme. Nilimfuata nikamwuliza kama ana macho. Akasema anapanga watu kwa sauti, si kwa sura, na sauti ya pili hukaa nyuma. Sauti ya pili! Mtoto aliyelia siku ya kuzaliwa mpaka mkunga akaziba masikio!

Na mbele kasimama nani? Binti wa Mama Marashi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule anayejimwagia manukato hata akienda kutupa taka. Kutwa anapita dirishani kuniuliza kama nimesikia. Nimejitia sijasikia.

Lakini majoho ya kwaya anashona nani? Mimi. Tutaonana.

Jumanne, 5 Agosti

Kamati ya mapokezi inaomba familia zipokee wageni. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nikamwambia karani nataka jaji. Akasema majaji wanalala hotelini, watu wasije wakawanong'oneza. Nimedhalilika! Mimi nimnong'oneze jaji? Nilitaka tu ale, alale, na kila asubuhi amsikie binti yangu akiimba nje ya mlango wake. Kuna kosa gani hapo?

Nikasema basi nipewe mtu mzito, mwenye kazi kubwa katika kwaya yake. Karani akaandika.

Nimetundika pazia jipya chumbani kwetu. Baba Watoto kahamia kwenye kochi na anauliza mgongo wake umekosa nini. Nikamwambia mgongo ni wake, sifa ni zetu sote.

Jumatano, 6 Agosti

Mgeni kafika. Mwembamba, suti nyeusi, anainama kila akisalimiwa. Nikajua huyu ndiye. Nikampa paja zima la kuku. Binti yangu akamwuliza kwa Kiingereza ana kazi gani kwenye kwaya yao. Mgeni akaeleza kwa kirefu, binti akatafsiri kwa kifupi: anafunua kurasa. Mpiga piano mikono yake ina kazi, kwa hiyo huyu hukaa kando yake na kumfunulia karatasi.

Basi? Basi.

Mtu mzima na ndevu zake, kavuka bahari kuja kufunua karatasi! Nilitamani kulirudisha paja langu lakini mfupa tu ndio ulikuwa umebaki. Baba Watoto alienda kuchekea uani. Mama Marashi, ambaye sijui nani humpelekea habari, akauliza juu ya ukuta kama mgeni wangu ananisaidia na kufunua masufuria. Jibu langu liko kwenye cherehani.

Jingine. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo huku anaimba kipande kidogo, kinaanza chini halafu kinapanda taratibu. Mfunua Kurasa kasimama mlangoni mwa jikoni, macho kafumba. Nilipoingia mtoto akanyamaza. Nikamwuliza ni nini. Mazoezi tu, Mama. Kisha akaniomba kitu kimoja kwa siku ya mashindano: nikae tu, nisikilize.

Nikae tu! Kwani huwa nafanya nini? Akasema anakumbuka mahafali. Yale mahafali wanayakuza mno. Nilipanda kiti kimoja tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Majoho yamekwisha. Yote rangi moja, kola moja, kama mwalimu alivyotaka, isipokuwa moja. Nilikuwa na utepe wa dhahabu uliobaki kwenye gauni la bibi harusi. Nimeuzungusha kwenye kola ya binti yangu. Unameta mpaka nafumba jicho. Hata akisimama nyuma ya ghorofa ataonekana.

Nitayapeleka kesho, dakika za mwisho, mwalimu asipate nafasi ya kuufumua. Akili hizi sikuzisomea.

Mama Marashi anatangaza mtaani kwamba wimbo ukiisha, kigelegele cha kwanza ni chake, kwa ajili ya binti yake. Cha kwanza! Mbele yangu! Labda nife.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Majoho niliyafikisha wanakwaya wakiwa tayari wanajipanga mistari. Mwalimu akapiga kelele, nikasema cherehani ilizingua. Ukumbini nikakaa kati ya Baba Watoto na Mfunua Kurasa. Mama Marashi upande wa pili wa njia, ananukia ukumbi mzima.

Kwaya yetu ikapanda. Nikautafuta utepe. Nikauona, mstari wa mbele! Nikasema moyoni, mwalimu kazinduka, kampandisha! Kisha nikatazama uso uliokuwa juu ya utepe.

Binti wa Mama Marashi!

Kumbe mwalimu hagawi joho kwa jina. Anayarundika, kila mtu anachukua la urefu wake. Katika kazi yangu nguo ina mwenyewe, nani angewaza upuuzi huo? Na wale mabinti wawili wamelingana kama walipimwa kwa kamba moja. Mama Marashi akanigeukia na kuninyooshea dole gumba. Ananishukuru!

Wimbo wote sikuondoa macho kwenye ule utepe. Nilikuwa naufumua kwa macho.

Mara kimya. Ukumbi mzima kimya. Nikamwona Mama Marashi anavuta pumzi, mdomo unafunguka. Thubutu! Nikasimama, nikapiga kigelegele ambacho sijapiga tangu harusi yangu. Kirefu, cha kupinda na kurudi. Mfunua Kurasa akanishika mkono, kidole kimoja kakiinua, kichwa anakitikisa. Nikadhani na yeye kaguswa. Nikaongeza cha pili.

Nilipoketi nikaona mikono ya mwalimu bado iko juu. Watu wamenigeukia. Majaji pia. Mama Marashi anapiga chafya. Ile haikuwa pumzi ya kigelegele, marashi yake mwenyewe yalimpanda puani!

Njiani Baba Watoto akaniambia polepole. Wimbo haukuwa umeisha, ulikuwa umebakiza ukurasa mmoja. Katika kile kimya mtu mmoja alitoka mstari wa nyuma, akasimama mbele, akaimba peke yake kipande kidogo. Baba Watoto aliona mdomo ukifunguka na kufungika. Alichosikia ni mimi.

Sikumwuliza ni nani. Nilijua.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekuwa wa pili. Wa pili duniani! Mama Marashi anasema tungekuwa wa kwanza kama mtu fulani angeufunga mdomo. Nami nasema bila kigelegele changu majaji wangekuwa wamesinzia.

Lakini mtoto hajanisemesha tangu jana. Leo nikamkuta jikoni. Nikamwuliza kwa nini alinificha. Akasema, Mama, ningekuambia ungewaambia watu wote. Kipande chenyewe pumzi moja, na aliyenisikia mpaka mwisho ni mgeni wetu, hapahapa, kwenye sinki.

Mfunua Kurasa! Mtu wa karatasi kamsikia mwanangu, na mimi niliyembeba sijamsikia! Nilikwenda kupiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Machozi yalidondoka kwenye kola ya Baba Watoto. Nikapitisha pasi juu yake.

Baadaye mtoto akaja mwenyewe, akaniegemea bega. Akasema, basi Mama, Jumamosi ijayo nitakuimbia. Jikoni. Wewe peke yako. Ila ukae tu. Nikamwapia kwamba nitakaa tu, mdomo nitaufunga kama mfuko wa saruji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala nikiwaza. Pumzi moja nzuri namna ile, isikike na mtu mmoja? Uchoyo gani huo!

Nimeazima spika kwa fundi redio. Itakaa juu ya kabati la vyombo, ikitazama dirishani. Utepe nimeufumua kwenye lile joho, wala sikuomba ruhusa, na ninamshonea gauni zima la dhahabu. Mfunua Kurasa nimembembeleza abaki wiki moja, atafunua pazia la jikoni. Hatimaye kazi ya maana. Karani wa kamati nimemwalika, na mwalimu, na bwana nguzo ya umeme, mradi akae nyuma. Mama Marashi nimemwalika pia, aje aone, ila asijipake kitu. Kigelegele cha kwanza ni changu, na safari hii nitakipiga mapema, kabla binti yangu hajaanza, kisimharibie.

Mtoto bado hajui. Atafurahi huyo!

Jumamosi, saa kumi alasiri, jikoni kwangu. Waje wote.