Kukatwa kwa Mke Wangu Katika Picha Namba Saba

Rongai,
Alhamisi.

Kwa Bi. Celestine Akeyo,
Mwenyekiti, Jicho la Bonde,
Kikundi cha Wapiga Picha wa Kujifurahisha, Nakuru.

Nakala: Jepchumba wa Kabazi, ampe dada yake asome.

Mpendwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wewe na kamera yako. Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini ni hasira ya adabu, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho.

Unanijua. Mimi ndiye Kibii, yule anayepima magunia ya mahindi hapa Rongai, mwanachama tangu mwaka juzi, na sijawahi kukosa kikao ila siku ile ng'ombe wangu alipozaa. Mwezi huu nilikutumia picha ya ng'ombe huyo huyo, Tamasha, akiwa zizini asubuhi, jua likimpiga mgongoni. Kushoto kwake alisimama mke wangu Jepleting, ndoo mkono mmoja, mkono wa pili juu ya mgongo wa ng'ombe. Kama ilivyo desturi yetu, uliiweka kwenye grupu bila jina langu, ikawa Picha Namba Saba. Maoni ya kwanza nayo uliyaweka bila majina ya walioyaandika, ili watu waseme ukweli bila kuoneana haya. Desturi hiyo nimeisifu kila mahali, hata kwenye mazishi. Leo nazirudisha sifa zangu zote, kwa sababu zifuatazo:

1. Mtu uliyemwita Mchambuzi wa Kwanza aliandika hivi: "Ng'ombe ametulia na mwanga unapendeza. Lakini huyo mama aliye kushoto anavuta macho bure. Hana kazi hapo. Akatwe." Nakiri, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, kwamba ni Kiswahili kizuri na kila nukta imekaa mahali pake. Lakini hana kazi? Ile ndoo alikuwa ameibeba aende nayo harusini? Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameamka kabla ya jogoo wetu, na jogoo wetu si mvivu.

2. Watu kumi na tisa waliunga mkono kwa vidole gumba. Nilihesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

3. Mjadala ulipofunguliwa, Muturi wa Dundori, ambaye tangu Januari hajapiga picha ya kitu kingine ila viazi, aliandika waziwazi kwamba mama huyo "anasumbua picha." Kisha akaja Sydney wa duka la simu: "Niaje wasee. Hiyo ng'ombe imeweza, lakini huyo mathe wa left ni wa kutoa. Ngojeni niwashow." Na kweli akamtoa. Bahati mbaya mkono ulibaki juu ya mgongo wa ng'ombe, mkono usio na mwenyewe, na pete yetu ya ndoa ikiwa kidoleni. Mwanachama mmoja akauliza mkono ni wa nani. Mwingine akaomba nao uende. Sydney akaufunika kwa flamingo watatu. Flamingo, Mwenyekiti, ndani ya zizi la Rongai! Grupu nzima ikapiga makofi, na wewe mwenyewe ukaweka ua.

4. Picha zote mbili, pamoja na maoni yote, ziliingia kwenye grupu ya akina mama wa kanisa. Ziliingiaje, sijui. Ninachojua ni kwamba Jumapili ilikuwa zamu ya Jepleting kugawa chai baada ya ibada, na kabla birika halijaisha watu saba walikuwa wamempa pole. Alirudi nyumbani, akavua kitambaa, akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona. Akaniuliza kama nilisema neno lolote. Hapo nikashikwa na kikohozi. Jumatatu asubuhi alifunga mkoba akaenda kwa dada yake Kabazi.

5. Tamasha hataki kukamwa na mtu mwingine. Alikuwa akitoa lita kumi asubuhi. Kwangu ametoa mbili, na moja kati ya hizo aliimwaga kwa teke. Siku ya pili nilijifunga leso ya Jepleting. Tamasha alininusa, akanitazama kwa muda mrefu, akarusha teke lingine. Kwa hiyo hata ng'ombe mwenyewe, ambaye ndiye mwenye hiyo picha, anajua ni nani hana kazi pale.

6. Nilimfuata Kabazi. Shemeji yangu Jepchumba, mwenye ng'ombe wanne, alinipa chai ya rangi. Jepleting alikuwa ameketi chumba kile kile, lakini alizungumza nami kupitia kwa dada yake: "Mwambie nitarudi siku ile nitamuona huyo mtu wa akatwe, macho kwa macho." Nilirudi na njaa yangu. Nyumba imekuwa kubwa mno, Bi. Akeyo. Ninakula ugali kwa maziwa ya pakiti nikiwa nimesimama. Sioni aibu kusema kwamba namtaka mke wangu.

Kutokana na hayo, naomba Mchambuzi wa Kwanza atajwe jina katika kikao cha Jumapili hii. Atajwe kwa sauti, asimame mbele, apigwe picha akiwa kushoto kwa Tamasha, ambaye nitamleta kwa pikapu, kisha wanachama wote wajadili kwa saa nzima kama mtu huyo ana kazi yoyote ndani ya picha hiyo. Naomba pia katiba yetu iongezwe kifungu kwamba mtu aliyefunga ndoa kanisani hatakatwa kwenye picha bila barua ya pasta wake. Na wale flamingo warudishwe ziwani walikotoka.

Haya yasipofanyika nitajiuzulu, na nitaondoka na ile stendi ya kamera ambayo kila mtu hudhani ni ya kikundi. Ni yangu.

Nisalimie wanachama wote, na mzee wako nyumbani, na mama yake Sydney ambaye hana kosa. Muturi naye msalimie, lakini kwa kifupi.

Mimi wako mwenye uchungu na mwenye heshima,

Kibii Kipketer.

TANBIHI: Kipande hiki kiko kwenye barua yako peke yake. Nakala ya Kabazi niliitanguliza leo alfajiri, na lengo langu lilikuwa Jepleting aone tu jinsi nilivyokasirika. Amesoma, amelia, amesema hakujua ninaweza kumpigania namna hiyo, na leo saa nane amerudi. Jioni hii Tamasha ametoa maziwa hadi ndoo imefurika. Sasa hivi Jepleting anapiga pasi rinda lake la bluu kwa ajili ya Jumapili. Bi. Akeyo, kumbuka ile kanuni uliyoileta wewe mwenyewe, kwamba mwenye picha naye lazima atume maoni juu ya picha yake, asije akajulikana kwa kunyamaza. Mimi niliitii, na niliitii kabla ya wengine wote. Nilidhani nikiwa mkali kidogo hakuna atakayenishuku, na kwamba nyinyi wengine mngemtetea mama wa watu. Tafadhali sema daftari lako la majina ya wachambuzi limepotea. Sema simu yako iliingia maji. Sema ni mtu aliyehamia Eldoret. Nilijaribu kumwambia Jepleting kikao kimeahirishwa, akakupigia, nawe ukamhakikishia kipo. Amesema mimi na yeye tutaketi mstari wa mbele, ili huyo mtu akisimama nisikose kumwona uso.